Sakafu za Chelsea zapendeza, ila maji yapite wapi?

KILA mwezi wa Mei, uwanja wa Royal Hospital jijini London hugeuzwa bustani. Maonyesho ya maua ya Chelsea, ambayo Royal Horticultural Society ilianza kuyaandaa hapo mwaka wa 1913, huwavutia wageni wengi, nao huondoka na picha tele. Ni nadra kuulizwa wamejifunza nini hasa.

Bustani kubwa za mashindano hujengwa kwa takriban wiki tatu, umma huzitazama kwa siku tano, kisha hubomolewa. Mbunifu hana muda wa kungoja mche ukue. Mimea huletwa ikiwa imekomaa: mingine imecheleweshwa kwenye vyumba vya baridi, mingine imeharakishwa ndani ya vibanda vya vioo ili yote ichanue wiki moja. Mingi hubaki kwenye mikebe yake, kingo zikifichwa kwa mboji. Nayo hubanana kama abiria wa matatu saa za jioni, kwa kuwa pengo la udongo mtupu huonekana kama kazi isiyokamilika. Mkulima yeyote anajua kwamba mimea iliyosongamana hivyo ingenyang'anyana mwanga na maji kabla ya mwaka kwisha. Wakati huo jaji atakuwa amekwenda zake.

Hata hivyo, mimea ikikosewa hung'olewa. Sakafu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mawe hukatwa na kuunganishwa hata ncha ya kisu isipate pa kupenya. Ustadi huo ni wa kweli, na anayeutuza hakosei. Lakini pasipopita kisu, maji nayo hayapiti, na bustani ya siku tano haijaribiwi na msimu wa mvua.

Waingereza wenyewe wameyaonja machungu ya jambo hili. Mwaka wa 2007, mji wa Hull ulifurika pale mitaro ilipolemewa na maji ya mvua, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Tangu Oktoba 2008, mwenye nyumba nchini humo anayetaka kufunika zaidi ya mita 5 za mraba za ua wa mbele kwa sakafu isiyopitisha maji, bila kuyatengea sehemu ya kunywea ardhini, sharti aombe kibali.

Chelsea haijaziba masikio. Bustani iliyotia fora mwaka wa 2022 iliiga pori lenye bwawa la biva, mnyama anayeziba vijito kwa matawi; wapo waliouliza iwapo hiyo ni bustani kweli. Mwaka wa 2023 ushindi ulikwendea bustani ya shirika la Horatio's Garden, iliyobuniwa na Charlotte Harris na Hugo Bugg kwa ajili ya wagonjwa walioumia uti wa mgongo. Sakafu yake ilitengenezwa bila saruji, na njia zake zilisawazishwa ili viti vya magurudumu na hata vitanda vya hospitali vipite. Kwangu mimi, huo ndio ulaini wenye sababu.

Wengi wetu Nairobi na viungani mwake tumeupokea ulaini usio na sababu. Nyumba ikikamilika, ua wote hufunikwa kabro hadi ukutani, na mti mmoja huachiwa shimo la ukubwa wa sinia. Kabro yenyewe si adui: ikitandazwa juu ya mchanga, mianya yake hupitisha maji kiasi, ikilazwa juu ya zege, hata tone halipiti. Mafuriko ya 2024 yalikuwa na sababu nyingi, na si ua wa mtu mmoja ulioyaleta. Ila maji yanayofukuzwa kwako humtembelea jirani aliye bondeni.

Ningekuwa jaji wa Chelsea, kabla ya kutoa medali ya dhahabu ningeomba ndoo moja ya maji, niimwage katikati ya sakafu, kisha ningoje dakika tano.