Kichaa cha mbwa hakigongewi muhuri

Pale Namanga, mfanyabiashara hupanga foleni, akaonyesha hati zake na kugongewa muhuri. Mbwa anayelinda ghala lake huvuka usiku bila kuulizwa, akarudi alfajiri.

Ndiyo maana chanjo ya kichaa cha mbwa isiachiwe nchi moja. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Upande mmoja ukitimiza na mwingine ukalala, kazi yote ni bure. Kaunti na halmashauri za mpakani zichague siku moja ya kuchanja pande zote mbili, bila malipo. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inafaa.

Nasi tusikae tukisubiri serikali. Mpeleke mbwa wako akachanjwe kila mwaka, pamoja na paka anayefukuza panya kwenye magunia ya mahindi. Cheti kitunze na karatasi za mzigo. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama lori linakusubiri. Mzigo utavuka kesho. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.