Meli ya Mombasa na mshikaji wa Mafiga

Sisi watoto wa Mafiga, Morogoro, maji yetu ni ya Mto Morogoro yanayoshuka kutoka Uluguru, kiangazi unavuka hata goti hulowi. Juzi nikatimba Mombasa, makumbusho ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kuta zake usipime!

Kilichoninasa ni vitu vya meli yao ya kivita, Santo António de Tanná. Ilikuja kuokoa ngome iliyozingirwa na Waomani, ikazama hapo hapo mbele yake, mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980. Mizinga, mitungi, vyombo vya Kichina. Meli chini, kauri imepona, bwana!

Wenzangu wanapiga picha, mimi namuwaza mshikaji wetu wa kijiweni aliyezamia meli Dar, akitaka majuu. Mwaka wa saba huu, simu hakuna. Mama yake nikikutana naye sokoni hunitazama mikononi kwanza, kama nimebeba barua.

Nikapanda ukutani. Meli moja ilikuwa inatoka, naikodolea macho mpaka imekuwa nukta. Nikaipungia mkono, mshamba mimi.