Methani Hupikia Chai, Methanoli Hupofusha

Mama mmoja alinijia kliniki majuzi akiwa amemleta mwanawe mwenye kikohozi. Nilipomaliza kumwandikia dawa, akaniuliza: "Daktari, ile gesi mama mkwe anayopikia kule nyumbani, si ndiyo iliyoua watu kwenye pombe?" Mkwewe ana mtambo wa gesi ya samadi, na jirani alikuwa amemwonya mama huyu asithubutu kula chakula kilichopikwa nayo.

Nilicheka, kisha nikajuta. Majina yenyewe ndiyo yanayopotosha. Methani ni atomu moja ya kaboni iliyoshikana na atomu nne za haidrojeni. Ondoa haidrojeni moja, uweke mahali pake oksijeni iliyobeba haidrojeni, nawe umepata methanoli. Tofauti ni oksijeni moja tu, lakini hiyo hugeuza kila kitu. Methani ni gesi, haina sumu, na ubaya wake ni kulipuka, au kujaa shimoni na kumnyima mtu hewa. Methanoli ni kiowevu kinachochemka kwenye nyuzi 65 hivi, na hutumiwa viwandani kuyeyushia rangi na kutengenezea kemikali nyingine.

Tatizo ni kwamba methanoli inafanana mno na ethanoli, yaani kileo cha kawaida. Rangi hazitofautiani, na harufu na ladha vinakaribiana. Wapo wanaowasha kiberiti kupima pombe, lakini zote mbili huwaka. Mfanyabiashara mwenye tamaa huiongeza ili pombe iwe kali kwa gharama ndogo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2000, zaidi ya watu 120 walifariki jijini Nairobi, wengi wao wakiwa wa mitaa ya Mukuru. Mwezi wa Mei 2014 maafa yakarudi katika kaunti kadhaa. Februari 2024 ikawa Kangai, Kirinyaga, ambako watu wasiopungua 17 waliaga dunia.

Methanoli yenyewe hulevya tu. Ni ini linaloigeuza kuwa fomalidehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo hushambulia neva za macho na kuifanya damu kuwa chachu. Kazi hiyo huchukua muda, aghalabu saa 12 hadi 24, na hata zaidi iwapo mtu alikunywa pamoja na pombe ya kawaida. Hapo ndipo tunapopoteza watu. Mlevi huamka akiumwa na kichwa na tumbo, anatapika, na jamaa zake wanasema ni uchovu wa pombe, mwacheni alale. Anapoanza kusema anaona ukungu mweupe, saa za thamani zimekwisha kupita.

Na sisi waganga tusijitoe lawamani. Nikiwa daktari mchanga nilimwona mgonjwa wa namna hii akilazwa kwenye benchi mpaka asubuhi kwa sababu alinuka pombe. Alipona, ila macho hayakurudi. Ilhali tiba ipo: ethanoli inayotolewa kwa kipimo hospitalini, au dawa iitwayo fomepizoli, hulizuia ini kutengeneza sumu hiyo, na mashine ya kusafishia damu huiondoa. Si tiba ya kujaribia nyumbani kwa chupa ya bia.

Kila maafa yanapotokea, polisi huvamia vibanda na kumwaga mapipa ya busaa. Busaa iliyochachushwa vizuri si chanzo cha vifo hivi. Methanoli hutoka viwandani, na kwa maoni yangu msako ungeanza kwa anayeiuza kwa mapipa: ameinunua kwa nani, na amemuuzia nani? Mama pima ni mtu wa mwisho katika mnyororo huo, na mara nyingine hata yeye hajui alichouziwa.

Mama yule nilimwambia ale chakula cha mkwewe bila wasiwasi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mumewe hupitia mahali kila Jumamosi akitoka kazini. Nilichukua kadi ya mtoto nikaandika nyuma yake: akiumwa na tumbo au kichwa kupita kiasi, au macho yakiingia ukungu, hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.