Mlonge Hauondoi Zebaki

Leo tunaweka hina pembeni kidogo, tuzungumze maji.

Mwaka jana tulipeleka nguo za harusi Kasulu, bibi harusi mwenyewe kwao Kibondo. Siku ya kumsinga, maji yakaletwa kwa madumu, rangi yake chai ya maziwa. Mama mmoja akatwambia ni ya mtoni, huko juu wanachimba dhahabu. Kisha akatoa mbegu za mlonge.

Alizimenya, akazitwanga, mbegu 1 au 2 kwa kila lita. Unga akauvuruga na maji kidogo, akauchuja kwa kipande cha bafta tulichomkatia sisi mafundi, akamimina ndooni. Akakoroga mbio, halafu pole pole, akafunika. Baada ya saa na zaidi tope lote liko chini, juu maji meupe. Protini ya mbegu ile huzivuta chembe za udongo zikashikana na kuzama, na vijidudu vingi huzama nazo. Wanawake wa vijiji vya mto Nile, Sudan, wanafanya hivyo tangu zamani. Ya kunywa bado huchemshwa, na hayalazwi siku mbili.

MashaAllah, tulifurahi. Lakini tunaowauzia wenzetu unga wa mlonge tukisema "unaondoa sumu zote" tumche Mungu.

Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Inayomwagika huingia mtoni, vijidudu vya matopeni huigeuza, samaki huibeba. Mjamzito akimla samaki huyo, sumu humfikia mtoto tumboni na kumharibu ubongo. Kuchemsha hakuiondoi. Sisi tumezoea kutazama rangi, ladha na harufu ya maji kwa ajili ya udhu, na kwa twahara ni sawa. Zebaki haionyeshi hata kimoja katika hivyo vitatu. Maji meupe ya mlonge yanaweza kuwa nayo, na ndiyo yanayotutia hofu zaidi, maana ya tope angalau tunayaogopa.

Makaa hunasa baadhi ya metali, ila hujaa, na bila kupima huwezi kujua yamejaa lini. Mafunjo na matete pia hunasa. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, inayopokea mito ya Kibondo na Kasulu, ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Lakini kinachonaswa kinabaki palepale, na humo ndimo watu wanamovua.

Kwa hiyo hatukubali mwanamke aachiwe ndoo na mbegu asafishe uchafu wa mwingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa zebaki mwaka 2020. Kipo chombo cha chuma kinachonasa mvuke wake wakati wa kuchoma. Wachimbaji wakipate, na wasioshee dhahabu mtoni.

Na sisi mabibi harusi tunaotaka seti nzima ya dhahabu, tumuulize sonara imetoka wapi. Wa kwetu tulipomuuliza alicheka. Tutamuuliza tena.

Yule mama tulimwachia yadi 2 za bafta. Akatuuliza kama kitambaa kinazuia zebaki. Tukamwambia hapana, ya kunywa na ya kupikia bora akateke chemchemi ya juu ya machimbo, ingawa ni mwendo mrefu na mgongo unamuuma.