Mkataba Usiopatikana Haujatangazwa

Amri namba 011/26, aliyoitia saini Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarehe 20 Mei 2011, inaagiza kila mkataba wa maliasili utangazwe ndani ya siku 60 tangu uanze kutumika. Kwa wakazi wa Kolwezi amri hiyo inagusa ardhi wanayoikanyaga. Mji wao umezungukwa na mashimo ya shaba na kobalti, na kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo mwaka 2014, watu walijifunza kwamba swali la nani ana haki ya kuchimba wapi linaweza kufika hadi sebuleni. Tangu amri ile itoke, hati nyingi zimewekwa kwenye intaneti, na serikali, na mpango wa uwazi wa ITIE, na hata mashirika ya nje kama Carter Center. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini kuweka hati mtandaoni ni nusu tu ya kutangaza. Nusu ya pili imo katika mstari mmoja ambao mafundi wengi huuandika mara moja na kuusahau: kichwa cha ukurasa. Hoja yangu ni kwamba kwa hati za madini kichwa hicho hakifai kuwa kimoja kwa tovuti nzima, wala hakifai kuandikwa kwa mkono. Kinapaswa kutungwa na programu iliyo kwenye seva, kila ukurasa unapoombwa, kwa taarifa zilizomo kwenye kanzidata.

Tuelewane kwanza kuhusu kichwa chenyewe. Sisemi juu ya yale maandishi makubwa yaliyo juu ya habari. Nasema juu ya mstari uliofichwa mwanzoni mwa ukurasa, ambao kivinjari huuonyesha pembeni juu, injini ya utafutaji huuonyesha katika orodha ya majibu, na WhatsApp huuonyesha mtu anapomtumia mwenzake kiungo. Ulikuwemo tangu mwanzo: Tim Berners-Lee aliuorodhesha alipoeleza lugha ya kurasa za wavuti mwaka 1991, na kanuni zilizochapishwa mwaka 1995 zikaufanya wa lazima kwa kila ukurasa. Mwaka 2008 miongozo ya kimataifa ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia wavuti iliweka sharti la kichwa kinachoeleza mada katika ngazi ya kwanza kabisa, kwa sababu asiyeona hutegemea programu inayomsomea skrini, na kichwa ndicho anachokisikia kwanza. Pamoja na hayo, kosa lililoenea duniani kote ni tovuti kujengwa kwa kiolezo kimoja ambacho kichwa chake kimeandikwa jina la ofisi na basi. Hati zikifika mia tano, zote hubeba jina hilo hilo. Anayetafuta kwa simu huletewa mistari kumi inayofanana, na hana njia ya kujua upi ni wake.

Chukua mfano wa Sicomines, kampuni ya ubia kati ya upande wa Kongo, kampuni ya serikali Gécamines ikiwemo, na makampuni ya Kichina, inayochimba Dikuluwe na Mashamba hapo Kolwezi. Mkataba wa msingi ulitiwa saini tarehe 22 Aprili 2008: miundombinu ya dola bilioni 6 na mgodi wa dola bilioni 3, vyote vilipwe kwa madini. Oktoba 2009, baada ya shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu deni, nyongeza ya mkataba iliishusha miundombinu hadi bilioni 3. Machi 2024 nyongeza nyingine iliipandisha hadi bilioni 7. Mwanafunzi, mwandishi wa habari au kiongozi wa mtaa anayeuliza barabara ngapi tumeahidiwa atapata jibu tofauti kwa kutegemea hati aliyoifungua. Kama hati zote zinaitwa tu mkataba wa Sicomines, au vibaya zaidi kama zote zinaitwa kwa jina la ofisi iliyozitangaza, ni rahisi sana ashike ya mwaka 2009 akidhani ameshika inayotumika leo. Hapo hakuna aliyeficha kitu, na bado mwananchi amepotoshwa. Kichwa kinachosema Sicomines, nyongeza ya Machi 2024 kwa mkataba wa 2008, Kolwezi, kingemwokoa kabla hajabonyeza.

Mtu atasema: basi mwajiriwa mmoja akae aandike vichwa vizuri. Kwa hati ishirini inawezekana. Kwa leseni na mikataba ya ukanda mzima wa shaba haiwezekani, na sababu kubwa kuliko wingi wake ni kwamba mambo ya madini hayakai mahali pamoja. Mradi wa mabaki ya madini ya Kingamyambo na bonde la Musonoi, uliojulikana kama KMT, ulikuwa mikononi mwa First Quantum ya Kanada hadi serikali ilipoufuta mwaka 2009. Mwaka 2010 haki ile ilikwenda kwa Metalkol, na kampuni ya ENRC ikaingia humo mwaka huo huo. Mzozo uliofuata haukwisha hadi Januari 2012, ENRC ilipokubali kuilipa First Quantum dola bilioni 1.25. Huko Fungurume, kampuni ya TFM imebaki na jina lake lakini wenye hisa kubwa wamebadilika: Phelps Dodge, kisha Freeport-McMoRan mwaka 2007, kisha China Molybdenum mwaka 2016. Kichwa kilichoandikwa kwa mkono mwaka 2015 kingekuwa uongo mwaka uliofuata, na uongo huo ungebaki hapo kwa sababu hakuna anayerudi kusahihisha mstari asiouona. Kichwa kinachotoka kwenye kanzidata hubadilika siku ile ile safu ya mwenye haki inapobadilishwa, kwa kuwa ni taarifa ile ile inayosomwa mahali pawili.

Namna ya kufanya hivyo haina uchawi, na inafaa kuelezwa kwa sababu wanaolipia tovuti za serikali mara nyingi huambiwa ni kazi kubwa. Anwani ya ukurasa hubeba namba ya leseni au ya hati. Seva ikipokea ombi, programu, iwe imeandikwa kwa PHP au lugha nyingine, huchukua namba hiyo, huikagua, kisha huiuliza kanzidata: mwenye leseni ni nani, aina gani, eneo gani, tarehe gani. Majibu yakirudi, huunganishwa kuwa sentensi fupi na kuwekwa kwenye kichwa kabla ukurasa haujaanza kutumwa. Hapo kwenye neno kabla ndipo mafundi wengi hujikwaa. Wana faili moja la sehemu ya juu ya kila ukurasa, ambalo huitwa kwanza na kuandika kichwa papo hapo, halafu ndipo ukurasa unakwenda kuuliza kanzidata. Taarifa inafika wakati mlango umeshafungwa. Dawa ni kugeuza mpangilio tu: uliza kwanza, andika baadaye. Wengine hujaribu kurekebisha kwa msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, ambao hubadilisha kichwa ukurasa ukishafunguka. Njia hiyo inawatosha wenye kompyuta nzuri, lakini WhatsApp inapoandaa picha ndogo ya kiungo haiungoji msimbo huo, na Kolwezi watu wengi hutumiana hati kwa WhatsApp.

Maneno nayo yana mpangilio wake. Skrini ya simu hukata kichwa kirefu, kwa hiyo kinachotofautisha ukurasa kitangulie na jina la ofisi lije mwisho. Na namba isiyokuwepo isipewe kichwa cha uongo: ukurasa useme wazi kwamba leseni hiyo haimo, na seva irudishe alama ya kutopatikana, ili injini za utafutaji zisikusanye kurasa tupu.

Pingamizi zito zaidi ninalolijua halihusu ufundi. Linasema: mnajadili mstari wa maandishi huku umeme unakatika, mega ni ghali, na wengi hawana simu yenye intaneti. Ni kweli tupu, na ndiyo inayonifanya nishikilie hoja yangu. Mikataba mingi ya madini ya Kongo iliwekwa kama picha za karatasi zilizopigwa kwenye skana, mafaili mazito ambayo injini ya utafutaji inaweza kushindwa kuyasoma ndani. Mwenye mega chache hawezi kufungua faili tano ili ajue ni lipi analolitaka. Ukurasa mwepesi wenye kichwa cha kweli, unaotangulia faili lenyewe, humwambia karibu bure yale ambayo vinginevyo angeyanunua. Tajiri wa Kinshasa au London anaweza kumlipa mwanasheria amtafutie hati. Anayeumizwa na kichwa kibovu ni yule wa komini za Manika na Dilala, hapo Kolwezi.

Tena sheria imempa mtu huyo sababu ya kutafuta. Sheria ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta au himaya ya chifu palipo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo hiyo inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii na zisaini cahier des charges, hati ya ahadi zao kwa wananchi. Haki hizi zimefungwa na mahali. Mkazi wa sekta ya Luilu hatafuti sera ya madini ya taifa. Anatafuta ni leseni zipi zimo ndani ya sekta yake. Kanzidata inayojua mipaka ya leseni inalijua jina la sekta pia, na kuliingiza kwenye kichwa ni neno moja zaidi katika swali linaloulizwa. Kama sekta haimo kwenye kanzidata, hilo lenyewe ni jambo ambalo mkoa wa Lualaba, ambamo Kolwezi imo, unapaswa kulijua.

Hapa wapo wanaohofu kwamba kanzidata zetu zina makosa, na kwamba vichwa vinavyojitunga vitayaanika mbele ya dunia. Vitayaanika, na afadhali iwe hivyo. Jina la kampuni lililoandikwa kwa namna tatu litaonekana kwa namna tatu, na litasahihishwa mara moja kwenye chanzo. Hofu ya usalama ina msingi zaidi: kitu chochote kinachotoka kwenye kanzidata lazima kisafishwe kabla ya kuwekwa kwenye ukurasa, la sivyo mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza msimbo wake humo, na namba inayotoka kwenye anwani isipachikwe moja kwa moja ndani ya swali. Kinga za mambo haya zimo katika kila lugha ya programu inayotumika leo. Usimbaji wa herufi nao uwe mmoja kuanzia kanzidata hadi ukurasa, maana ukichanganywa, Gécamines hugeuka GÃ©camines, na anayelitafuta jina hilo anaweza asilipate.

Kuhusu lugha, hati za sheria ni za Kifaransa na kichwa rasmi kitabaki hivyo. Lakini Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na ndicho kinachosemwa sokoni Kolwezi. Safu moja ya maelezo ya Kiswahili kwenye kanzidata inatosha ukurasa wa pili uwe na kichwa chake, kinachotungwa na programu ile ile.

Kwa hiyo naziomba ofisi zinazotangaza hati hizi, kuanzia Wizara ya Madini na ofisi ya leseni za madini, Cadastre Minier, hadi serikali ya mkoa wa Lualaba, ziandike sharti hili katika kila mkataba wa kujengewa tovuti. Na kabla ya kumlipa fundi, zifungue leseni tatu tofauti kwa simu ya kawaida, zitume viungo vyake kwenye WhatsApp, na zisome kinachoonekana. Vichwa vitatu vikifanana, kazi haijakwisha na malipo yasubiri.