Pridi Banomyong asipimwe kwa mapinduzi peke yake

Pridi Banomyong akitajwa, wengi hukimbilia alfajiri ya Juni 24, 1932, pale kikundi cha wanajeshi na watumishi wa serikali kilipomvua mfalme wa Siam, Thailand ya leo, mamlaka yasiyo na mipaka. Pridi, mwanasheria aliyesomea Paris, ndiye aliyewaongoza raia waliokuwamo. Lakini kumpima kwa alfajiri hiyo ni kumpunja. Kazi yake kubwa ilikuja baadaye, mezani, katika sheria na hesabu. Mwaka 1934 alianzisha chuo kikuu cha Thammasat, kisichobagua mtoto wa mkubwa na karani wa kawaida. Wanafunzi wa kwanza walizidi 7,000. Akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alijadili upya mikataba iliyowakinga wageni wasihukumiwe na mahakama za nchi. Alipokabidhiwa Fedha akafuta kodi ya kichwa, mzigo uliomwelemea mkulima kuliko mtu yeyote.

Wapinzani walimwita mkomunisti, na hawakukosa pa kushikia. Mpango wake wa uchumi wa 1933 ulitaka serikali inunue mashamba kwa hati za dhamana na wakulima wawe waajiriwa wake. Kwangu, huo ulikuwa mpango mbovu: mkulima angetoka mikononi mwa mwenye shamba na kuangukia mikononi mwa ofisa. Hata hivyo, tume iliyoundwa kumchunguza ilimsafisha, na mtu aliyejenga msingi wa benki kuu ya nchi hakuwa adui wa mali.

Hoja nzito zaidi ni kwamba aliwaonyesha wanajeshi njia ya kuingia ikulu. Ni kweli, na ilimrudia mwenyewe. Wakati wa vita kuu aliongoza kwa siri harakati za kuwapinga Wajapani, na mwaka 1946 akawa Waziri Mkuu. Mfalme kijana Ananda Mahidol alipokutwa amekufa kwa risasi Juni mwaka huo, uvumi ulimwangukia Pridi, ingawa hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, naye akakimbia. Jaribio lake la kurudi kwa nguvu mwaka 1949 lilishindwa, akafia Paris mwaka 1983. Bunduki, basi, hazikumfaa. Chuo chake kilifaa: Oktoba 1973 uwanja wa Thammasat ndio uliokusanya umati wa wanafunzi, na ndani ya siku chache serikali ya kijeshi ya Thanom Kittikachorn ikaanguka.