Malengo ya mwaka mpya: kukusanya gemu si kununua gemu

Hapa Sumbawanga mvua inanyesha tangu alfajiri, baridi ya Ufipa mnaijua wenyewe, na mimi nimejifungia chumbani na blanketi begani nikifanya kitu ambacho sijawahi kukifanya: nahesabu gemu zangu. Wenzangu wanaandika malengo ya kujenga, kuoa na kuacha pombe. Mimi naandika malengo ya gemu. Chekeni tu, lakini mkimaliza kucheka someni mpaka mwisho, maana habari hii ina mahindi ndani yake.

Hesabu yenyewe ni hii. CD za PS2 63 (nyingi za kuchoma, tusidanganyane), PS2 mbili, ile nene na ile nyembamba, PS4 moja niliyonunua ikiwa imeshatumika, na gemu zake 11. Pedi nne, mbili hazifanyi kazi. Na kile kigemu cha mkononi cha kupanga matofali alichoniletea baba mdogo kutoka Mbeya nikiwa darasa la pili. Mwaka jana peke yake niliongeza gemu 14. Nilizozicheza mpaka mwisho? Mbili.

Sasa nikajiuliza: huyu ni mkusanyaji au ni mnunuzi tu?

Naomba niwasimulie jambo ambalo sijamwambia mtu. Januari ya mwaka jana nilikuwa nimeweka pembeni hela ya mbolea ya kukuzia kwa ajili ya shamba la mama kule Laela. Nilishamwahidi. Jamaa mmoja wa Tunduma akanipigia simu: kuna PS4, ina gemu sita, bei ya kutupa, ukichelewa inaenda Zambia. Nikamtumia hela. Mama nikamwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi, malipo ya habari zangu yakitoka namtumia. Alinijibu kwa upole tu: "Sawa baba, lakini mahindi hayajui kusubiri."

Malipo yakachelewa. Mbolea ilifika Laela mwishoni mwa Februari, mahindi yameshaanza kutoa mbelewele. Mliolima mnajua maana yake. Shamba ambalo huwa linatoa magunia 15 lilitoa tisa. Mama hakusema neno. Na mimi zile gemu sita zilizokuja na PS4, nne sijaziwasha hata leo.

Tunajisifu kwamba Rukwa ni moja ya mikoa inayolisha taifa, na hapo hapo mtoto wa mkulima anakula mbolea ya mama yake kwa gemu asizozicheza. Nje gemu mpya ya PS5 huuzwa mpaka dola 70. Hiyo kwa hela yetu ni zaidi ya mfuko mmoja wa Urea!

Najua kuna watakaosema dawa ni kuacha, gemu ni utoto. Sikubaliani nao. Mtu mzima anayeshinda kijiweni kwenye bao hatumwiti mtoto. Ubaya siuoni kwenye mchezo. Tatizo letu ni kudhani kwamba ukinunua sana ndiyo unapenda sana.

Na hata hicho unachonunua si lazima kiwe chako. Gemu ya magari inayoitwa The Crew ilitoka mwaka 2014. Kampuni yake, Ubisoft, ilizima mitambo yake tarehe 31 Machi 2024, na watu waliolipa hela zao hawakuweza tena kuicheza, hata wenye CD mkononi. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti ulioonesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani. Hiyo ni Marekani yenye maktaba na makumbusho. Sisi je?

Turudi nyumbani. Mimi sikujifunza gemu sebuleni. Nilijifunza kwenye kibanda cha gemu mtaa wa Majengo, shilingi 200 mechi moja, aliyefungwa anampisha mwenzake. Kibanda kilikuwa na TV tatu za mgongo na stebilaiza moja iliyokuwa inalia kama nyuki, maana mkoa wetu kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme ukitoka Zambia. Ukikatika mechi ikiwa dakika ya 85 na wewe unaongoza, hapo ndipo urafiki ulipopimwa.

Sony walitangaza mwanzoni mwa 2013 kwamba wameacha kutengeneza PS2. FIFA 14 na PES 2014 zilizotoka mwishoni mwa mwaka huo zilikuwa miongoni mwa gemu zake za mwisho. Dunia ikafunga ukurasa. Majengo hatukupata hiyo taarifa! Tuliendelea kwa miaka kadhaa zaidi, na kwa kuwa gemu mpya hazikuja tena, tulizifanya mpya wenyewe.

Mtakumbuka msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons walihama Mbeya wakaja kuchezea Uwanja wa Nelson Mandela hapa mjini, na Oktoba 2020 Simba wakafungwa 1-0 pale pale. Mji ulilipuka. Kibandani wale madogo wakaingia sehemu ya kuhariri ya PES, wakachukua timu moja ya Ulaya, wakafuta majina yote na kuandika kikosi cha Prisons, mmoja mmoja, herufi kwa herufi kwa pedi. Jezi wakaibadilisha rangi. Iliwachukua karibu wiki mbili. Siku ilipokamilika watu walipanga foleni mpaka nje kwenye matope kutaka kumfunga Simba tena.

Leo kibanda hakipo. Konami waliibadilisha PES kuwa eFootball mwaka 2021, ni ya bure, na vijana wanaicheza kwenye simu, kila mtu na bando lake kwenye kona yake. Mwenye kibanda aliuza TV kwa fundi. Mimi nilipopita kuuliza kama kuna CD zilizobaki, akanipa bure kitu kimoja kutoka kwenye kopo la misumari: kadi ya kumbukumbu ya PS2, ile ndogo nyeusi ya megabaiti 8. Ndani yake kuna ile Prisons.

Iko moja tu duniani. Hakuna duka linaloiuza, Tunduma wala Tokyo. Na mimi niliiweka kwenye droo na pedi mbovu, nikaendelea kutafuta PS4 za bei ya kutupa. Wiki hii nimeichomeka: mara ya kwanza haikusomeka, mara ya pili haikusomeka. Mara ya tatu ikasomeka. Jasho lilinitoka na baridi yote hii.

Huku kwetu tuna funzo la zamani. Wafipa walikuwa wafua chuma hodari, na mabaki ya matanuru yao marefu ya udongo bado yapo kwenye nyanda hizi. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amefanya utafiti mkubwa juu ya kazi hiyo. Tanuru tunaweza kulionesha kwa mgeni akapiga picha. Lakini nyimbo za kazi na vituko vya wale waliokesha wakivukuta viko wapi? Kitu kikibaki bila habari za watu wake kinakuwa udongo tu.

Basi malengo yangu ya mwaka huu ni haya, na mnishike nayo:

Kwanza, mbolea kabla ya gemu. Hili halina mjadala.

Pili, sinunui gemu yoyote mpaka nimalize tano nilizonazo. Naanza na GTA San Andreas. Ilitoka mwaka 2004 na katika maisha yangu ya kibandani sijamwona mtu aliyeimaliza, tulikuwa tunaiba magari tu na kukimbizana na polisi.

Tatu, nitakusanya visivyouzwa. Kuna programu ndogo ya kuhamisha mafaili kutoka kadi ya PS2 kwenda kwenye flashi. Prisons yetu itapata nakala tatu kabla Januari haijaisha. Halafu nitawatafuta waliokuwa na vibanda Majengo, Katandala, Chanji, mpaka Matai na Namanyere, niwaulize: PlayStation ya kwanza uliileta lini, kwa basi gani, ulitoza bei gani, nani alikuwa hafungiki? Mimi ni mwandishi wa habari, hii ni kazi yangu kabisa na nimechelewa kuiona.

Nne, sichezi peke yangu. Mdogo wangu anahitaji mtu wa kumfunga.

Jana nimempigia mama kumtakia heri ya mwaka mpya. Mbolea ya kukuzia iko ndani kwake, ilifika kabla hata ya kupanda. Nikamweleza na kisa cha mwaka jana, chote, na PS4. Akanyamaza kidogo. "Nilijua kuna kitu," akasema. "Sasa hicho kitu umekitumia vizuri basi?"

Sikuwa na jibu. Nina miezi 12 ya kulitafuta.

Na wewe msomaji, kama una kadi ya zamani kwenye kopo la misumari, usiitupe. Ichomeke leo, uone nani yumo.